Ngozi Iuguapo, Jicho Nalo Huweza Kuugua

(Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio)

Sogezeni viti karibu na redio, na mwenye kalamu aishike mkononi.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: saratani, melanoma, kingamwili, retina, tarishi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja. Neno la mwisho mnalijua tangu zamani. Tarishi ni yule mtu wa ofisini achukuaye barua kutoka meza hii na kuipeleka meza ile. Mtaona kwa nini tunamhitaji katika somo la macho.

Jambo nitakaloeleza leo, ukilisikia mara ya kwanza, utadhani ni hadithi. Mtu aweza kuugua ngozi, kisha macho yake yakaingia giza, na huku ugonjwa ule wa ngozi haukufika machoni hata kidogo. Walioyaumiza macho ni askari wa mwili wake mwenyewe, wale wale waliotoka kwenda kupigana na ugonjwa ili wamwokoe.

MTU WA MFANO

Tumfikirie mtu mmoja. Sitampa jina, kwa sababu ni mtu wa mfano tu. Ni mkulima, umri wake umepita miaka 50. Zamani kidogo alikuwa na waa jeusi katika unyayo wa mguu wa kushoto. Waa lile lilikua, likawa kidonda, akaenda hospitali, likakatwa. Kidonda kilipona, akarudi shambani. Sasa ni mwaka wa tatu, naye amekwisha sahau.

Jioni moja anarudi nyumbani baada ya magharibi. Njia ni ile ile aliyoipita tangu utotoni, lakini haioni. Anajikwaa katika mawe, anaingia katika mtaro, mwisho mtoto wake anamshika mkono. Juu ya hayo, anaona vimulimuli machoni, kama hewa inavyochezacheza juu ya barabara ya lami wakati wa jua kali. Akifumba macho, vimulimuli havikomi.

Asubuhi anaona vizuri. Anasoma gazeti. Jirani mmoja anasema ni uzee. Mwingine anasema karogwa. Wa tatu anasema ale mchicha na karoti. Anakwenda zahanati, anaonyeshwa herufi za ukutani, anazisoma karibu zote. Mganga anamulika jicho kwa tochi, anaona ni safi. Anaambiwa, "Mzee, macho yako hayana kitu." Anarudi nyumbani na giza lake.

Je, mganga alimwuliza habari za unyayo? Hakumwuliza. Na mzee mwenyewe, je, alimwambia? Hakumwambia. Kwani mguu na macho vina uhusiano gani? Hilo ndilo swali letu la leo. Andikeni swali hilo katika madaftari yenu, na mwisho wa somo mlijibu wenyewe.

RANGI YA NGOZI NA SARATANI YAKE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Katika ngozi zipo chembe zifanyazo rangi. Rangi hiyo huitwa melanini. Mtu mweusi ana melanini nyingi, mweupe ana kidogo, na rangi hii huikinga ngozi na ukali wa jua.

Chembe za mwili huzaliwa kwa utaratibu, na zikichakaa hufa. Lakini mara nyingine chembe huasi. Huzaana pasipo kipimo, huwanyang'anya jirani zake nafasi na chakula, kisha husafiri kwenda sehemu nyingine za mwili. Uasi huo ndio saratani, ambayo wengi huiita kansa. Chembe za rangi zikiasi, saratani yake huitwa melanoma.

Melanoma ni nyingi kwa watu weupe, hasa huko Australia na New Zealand ambako jua ni kali na wakazi wengi wana asili ya Ulaya. Kwetu Afrika ni haba. Lakini ndugu, haba si hakuna. Na ikimpata mtu mweusi, aghalabu haitokei mahali pachomwapo na jua. Hutokea katika unyayo, katika kiganja cha mkono, au chini ya ukucha. Mwimbaji mashuhuri wa Jamaika, Bob Marley, aliugua melanoma hiyo. Ilionekana mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Ilienea mwilini, naye akafa tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Hapa tutofautishe jambo moja, tusije tukachanganya. Ndugu zetu wenye ualbino nao hupata saratani ya ngozi kwa urahisi kwa sababu ya jua, na macho yao pia ni dhaifu. Lakini udhaifu wa macho yao walizaliwa nao, kwa kuwa jicho lilikua bila melanini ya kutosha. Na saratani zao nyingi ni za aina nyingine, si melanoma. Kwa hiyo habari ya leo si habari yao hasa, ingawa kofia pana na mikono mirefu ni dawa kwao kila siku.

ASKARI WA MWILI

Kila mwili una askari wake. Kazi yao ni kukamata wadudu wa maradhi na kuua chembe zilizoasi. Askari hao hutengeneza silaha ndogo ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili hutafuta alama moja tu, na ikiiona alama hiyo huishika, haiiachi.

Nitatoa mfano. Katika mji mmoja ameingia mwizi. Walinzi hawaujui uso wake, ila wameambiwa kwamba mwizi huyu amevaa koti lenye vifungo vya shaba. Basi walinzi wanatoka usiku na amri moja: kamata kila mwenye vifungo vya shaba. Amri ni nzuri, na mwizi hana pa kujificha. Lakini je, kama katika mji ule ule wako watu wema ambao sare yao ya kazi nayo ina vifungo vya shaba? Walinzi watawapiga wote, mwizi na mwema, kwa sababu wanachotazama ni kifungo tu.

Shikeni mfano huu. Sasa tuingie ndani ya jicho.

JICHO HUPELEKAJE HABARI

Mwanga huingia kwa mbele, hupita katika mboni, kisha hufika nyuma ya jicho. Huko nyuma upo utando mwembamba uitwao retina. Retina ndiyo ipokeayo picha.

Katika retina zimo chembe za namna nyingi, nasi leo tutazitaja za namna mbili. Kwanza ni wapokezi wa mwanga. Wako wapokezi wa usiku, wanaofanya kazi katika mwanga hafifu wa nyota na mwezi, na wako wapokezi wa mchana, wanaoona rangi na herufi ndogo. Pili ni matarishi. Hawa hukaa katikati. Huchukua habari kwa mpokezi na kuipeleka mbele, mpaka ifike katika mshipa mkubwa wa fahamu uendao ubongoni. Mpokezi bila tarishi ni kama karani aliyeandika barua nzuri, lakini hana wa kuipeleka. Barua itabaki mezani, na bwana mkubwa hatajua neno.

Sikilizeni jambo hili vizuri. Habari za mchana zina njia mbili. Wako matarishi wapelekao habari ya kwamba mwanga umewaka, na wako wapelekao habari ya kwamba mwanga umezima. Njia moja ikiharibika, ya pili husaidia. Lakini habari za usiku hutegemea zaidi matarishi wa namna moja, wale wa habari ya kuwaka. Hao wakiumia, mtu huwa kipofu wa usiku, ingawa mchana aweza kusoma.

KOSA LA ASKARI

Sasa unganisheni mambo mawili hayo. Chembe za rangi za ngozi, ambazo melanoma huzaliwa kwazo, zina alama fulani ya protini. Na matarishi wale wa usiku ndani ya jicho wana protini ile ile. Hicho ndicho kifungo cha shaba. Mwizi anacho, na tarishi anacho.

Mwili ukigundua melanoma, askari hutengeneza kingamwili za kukamata alama ile. Kingamwili huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Kwa watu wachache sana hufika retina, huwakuta matarishi wakifanya kazi yao kwa amani, huwaona vifungo, na kuwashambulia. Jicho halina saratani, lakini limeingia katika vita vya saratani.

Msidhani nasema kwa kubahatisha. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopoteza kuona, ingawa saratani haikufika machoni. Mwaka 1988 wengine wakaeleza habari ya upofu wa usiku kwa mgonjwa wa melanoma. Mwaka 1993 wataalamu walitazama kingamwili zilizo katika damu ya wagonjwa wa namna hii, wakaona zinashika matarishi wa retina. Mwaka 2000 walichukua kingamwili za wagonjwa na kuzitia katika macho ya nyani, na kazi ya matarishi ikaharibika vile vile. Ikabaki kujua kifungo chenyewe ni kipi. Mwaka 2011 kikajulikana. Ni protini ambayo wataalamu wa melanoma walikuwa wameigundua tangu mwaka 1998 walipokuwa wakichunguza chembe za rangi, bila kujua kwamba imo pia katika jicho.

Basi hapo, ndugu, mguu na jicho vikakutana.

DALILI ZAKE

Mwalimu, simamisha darasa kidogo. Mwanafunzi mmoja arudie kwa maneno yake mwenyewe mfano wa vifungo vya shaba. Akikosea, wenzake wamsaidie.

Haya, tuendelee. Dalili za ugonjwa huu ni nne, nanyi mziandike.

Ya kwanza, mtu aliyekuwa akiona vizuri usiku anaanza ghafula, au katika majuma machache, kutoona gizani.

Ya pili, anaona vimulimuli, cheche, au mtetemeko wa mwanga, aghalabu katika macho yote mawili.

Ya tatu, mara nyingine kuona kwa pembeni hupungua, akawa anagonga milango na watu walio kando yake.

Ya nne, mwanzoni jicho haliumi wala si jekundu, na daktari akimulika ndani huenda asione kasoro yo yote. Ndiyo maana wengi hawasadikiwi. Matarishi ni wadogo mno, na tochi haiwaonyeshi.

Wakati wa kutokea nao ujulikane. Mara nyingi ugonjwa huu huja baada ya melanoma kugunduliwa na hata kutibiwa. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walikusanya habari za wagonjwa 62 kutoka katika maandishi ya madaktari na katika wagonjwa wao wenyewe. Waliona kwamba, kwa wastani, macho yalianza kuugua zaidi ya miaka 3 baada ya melanoma kujulikana. Hesabu ya wagonjwa 62 inawaonyesha pia jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo wa nadra.

Lakini kuna neno zito hapa, nami sitalificha. Macho yakiugua hivi miaka baada ya waa kukatwa, yaweza kuwa ni ishara kwamba saratani imerudi, au imeenea mahali pengine mwilini kwa siri. Askari hawapigi kelele bure. Jicho laweza kuwa mlinzi wa kwanza kupiga mbiu. Kwa hiyo mtu wetu wa mfano, aliporudishwa nyumbani na kuambiwa hana kitu, alipoteza zaidi ya njia yake ya jioni. Alipoteza siku za kutafuta saratani ingali ndogo.

SI KILA GIZA NI HILI

Sasa nawasihi msiogope pasipo sababu. Wengi wasioona usiku hawana ugonjwa huu kabisa. Watoto wengi, na akina mama waja wazito, hupata upofu wa usiku kwa kukosa vitamini A, na chakula kama maembe, mapapai, viazi vitamu vya rangi ya manjano, mboga za majani, maini na mayai huwafaa. Jirani aliyesema mchicha na karoti hakuwa mjinga. Alijua sababu moja, ila hakujua kwamba ziko nyingine. Wako wengine wenye ugonjwa wa retina uliorithiwa katika ukoo, ambao huanza polepole tangu ujana. Wako wazee wenye mtoto wa jicho. Wako wenye kisukari.

Tofauti ni hii. Yule aliyewahi kuwa na melanoma, au aliye na waa au kidonda cha ajabu katika ngozi, naye ghafula akaanza kukosa kuona gizani na kuona vimulimuli, huyo asingoje. Wala wengine wenye giza machoni wasingoje. Waende wakapimwe, ili sababu ijulikane.

Tena, mgonjwa wa melanoma aweza kuota mabaka meupe katika ngozi, mfano wa mbalanga, au nywele na kope zake zikawa nyeupe mahali mahali. Hao ni askari wale wale, safari hii wakiwapiga watengenezaji wema wa rangi. Lakini mabaka meupe kwa watu wengi hayana uhusiano na saratani, basi msimnyoshee mtu kidole.

UCHUNGUZI NA MATIBABU

Kama tochi haionyeshi, daktari atajuaje? Kiko kipimo cha umeme wa jicho. Retina ikipata mwanga hutoa umeme mdogo sana. Mgonjwa huwekewa waya mwembamba machoni, bila kukatwa wala kuchomwa, kisha taa humulikwa, na mashine huchora mawimbi. Wimbi la kwanza hutoka kwa wapokezi. Wimbi la pili hutokana na kazi ya matarishi. Kwa mgonjwa wa namna hii wimbi la kwanza huwa zima, bali la pili hupungua sana au hukosekana. Yaani barua iliandikwa, haikupelekwa. Kipimo hiki hakipo zahanati. Hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa zenye mabingwa wa macho, na ndiyo sababu mtu huhitaji barua ya kupelekwa huko. Damu nayo yaweza kupimwa ili kutafuta kingamwili zenyewe.

Habari ya dawa nitaisema kwa ukweli. Hakuna dawa iliyo ya hakika. Jambo la kwanza ni kuitafuta saratani yenyewe na kuipunguza, kwa kuikata au kwa dawa, kwa sababu mwizi akitoka mjini walinzi hutulia. Madaktari hujaribu pia dawa za kutuliza askari, na njia za kusafisha damu ili kuondoa kingamwili. Katika wagonjwa wale 62, wachache tu walipata nafuu ya macho.

Na hapa daktari ana mtihani mgumu. Askari wanaoharibu macho ndio hao hao wanaopigana na saratani. Akiwatuliza sana, anaogopa mwizi atapata nafasi. Asipowatuliza, macho yanakwisha. Hapana kitabu kiwezacho kumwamulia. Inambidi azungumze na mgonjwa na jamaa zake, wapime pamoja.

DAWA MPYA ZA KUAMSHA ASKARI

Tangu mwaka 2011 madaktari wamepata dawa za melanoma za namna mpya. Dawa hizi haziui saratani kwa sumu. Huwafungua askari wa mwili hatamu, ili wapigane kwa nguvu zaidi. Wataalamu wawili waliofungua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Watu ambao zamani wangalikufa katika miezi michache, baadhi yao wameishi miaka mingi.

Lakini askari aliyefunguliwa hatamu aweza kukosea. Watumiaji wachache wa dawa hizi hupata uvimbe ndani ya jicho. Dalili zake si kama zile za kwanza: jicho huwa jekundu, huuma, huogopa mwanga, na kuona huwa kama kupitia ukungu. Habari njema ni kwamba uvimbe huu ukiwahiwa, mara nyingi hutulizwa kwa dawa za matone.

Dawa hizi ni ghali sana, na wengi wetu hatuzipati. Hata hivyo wako ndugu zetu wanaokwenda kutibiwa India au kwingineko, kisha wakarudi nyumbani. Kama ni wewe, au ni jamaa yako, njoo na karatasi zako zote za hospitali. Na jicho likibadilika, usinunue dawa ya matone dukani. Peleka karatasi zile kwa daktari wa macho, umwambie ni dawa gani ulipewa, na lini.

BASI TUFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni kutazama ngozi. Mara moja kila mwezi, baada ya kuoga, tazama nyayo zako, katikati ya vidole, viganja, na kucha. Kama huwezi kuinama, mkeo au mumeo au mwanao akutazamie. Tafuta waa jeusi linalokua au lenye kingo zisizo sawa. Tafuta kidonda kisichopona, hata kama unadhani ulichomwa na mwiba. Tafuta mstari mweusi katika ukucha mmoja unaozidi kupanuka. Mistari katika kucha nyingi ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Ule mmoja unaobadilika ndio wa kuonyeshwa. Na ukiona mtoki katika kinena pamoja na kidonda cha mguu, usikawie hata siku moja.

Jambo la pili ni kutokata wala kutochoma waa nyumbani. Usitie maji ya betri, usitie dawa ya unga usiyoijua. Ukilikwangua juu, mizizi inabaki chini, nawe umepoteza miezi. Nenda zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Katika Tanzania, kwa mfano, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC huko Moshi, na taasisi ya saratani ya Ocean Road huko Dar es Salaam.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kusema. Ukienda kwa daktari wa macho, mwambie habari ya mguu. Sema hivi: "Daktari, mwaka fulani nilikatwa waa jeusi katika unyayo, na hospitali ilisema ni saratani." Maneno hayo machache yatamwonyesha njia ambayo tochi yake haiwezi kumwonyesha. Akikuambia macho hayana kitu, nawe usiku huoni, usione haya. Sema kwa heshima, "Daktari, mchana naona, lakini usiku sioni, na vimulimuli haviniachi. Naomba nipelekwe kwa bingwa." Huko si kumkosea adabu. Huko ni kumsaidia kazi.

Na wewe uliyejifunza kusoma na kuandika katika darasa hili, unayo silaha ambayo wengine hawana. Chukua daftari, ukurasa wa mwisho, uandike: jina lako, magonjwa uliyougua, mwaka, hospitali, na ulichokatwa au dawa uliyopewa. Kama ni baba yako au nyanya yako asiyejua kusoma, mwandikie yeye. Karatasi hiyo haisahau, hata mwenyewe akisahau.

MASWALI YA DARASANI

Mwalimu, ongoza maswali haya baada ya kuzima redio.

1. Kwa nini askari wa mwili hushambulia jicho ambalo halina saratani?
2. Kwa nini mgonjwa anasoma herufi mchana, na usiku haoni njia?
3. Taja mahali patatu ambapo melanoma hupenda kutokea kwa watu weusi.
4. Kwa nini daktari anasita kuwatuliza askari kabisa?
5. Mguu na macho vina uhusiano gani? Jibu kwa maneno yako mwenyewe.

Kazi ya nyumbani ni moja. Kila mmoja aandike ule ukurasa wa daftari niliousema, wake na wa mzee mmoja wa nyumbani kwake, aje nao katika kipindi kijacho. Na usiku wa leo, kabla ya kulala, osheni miguu, leteni taa karibu, mtazamane nyayo.

Kwaherini, ndugu zangu. Mungu awalinde ninyi na macho yenu.